Mji Aliopewa Semeni

Nchi hii iko mbali, msomaji, kwa hiyo usianze kujishika kifua. Ukitaka kwenda usiulize njia, maana wapo watakaokunyooshea kidole mlango wa nyumba yako mwenyewe, na watu wa namna hiyo si wa kukaa nao karibu. Jina la nchi halitajwi hapa. Wenyewe wanalitaja vya kutosha, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya kufunga milango, na nyimbo juu.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke kijana aitwaye Sikudhani. Alisoma mpaka darasa la saba, elimu ikamwambia inatosha, akaenda kujifunza kazi ya kupamba. Penye sherehe ya serikali yeye ndiye aliyevisha viti vitambaa, akafunga utepe mgongoni mwa kila kiti, akapanga chupa za maji meza kuu, halafu akasimama nyuma akimngoja mheshimiwa atakayejimwagia. Ndiyo maana viongozi wa nchi yake aliwajua kwa visogo. Sura zao aliziona ukutani kwenye picha kama watu wengine, lakini visogo alikuwa navyo yeye peke yake. Na alikuwa amegundua jambo: uso wa kiongozi umefundishwa, kisogo bado. Kiongozi akidanganya, mkunjo wa shingo unapanda juu kidogo kama pazia. Akiogopa, jasho linatoka mstari mmoja tu, linateremka polepole, linaingia kwenye kola. Sikudhani hakumwambia mtu. Alikuwa mwanamke wa kutazama na kunyamaza, na katika nchi ile tabia hizo mbili zilikuwa zinamwongezea mtu umri.

Alikuwa na mtoto mmoja, Semeni, wa darasa la tatu katika Shule ya Msingi Mapambazuko. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta maisha na inaonekana aliyapata, kwa sababu hakurudi. Shule yenyewe ilikuwa na paa upande wa madarasa ya juu. Kengele haikuwa nayo. Kabla Semeni hajazaliwa, vyuma vyote vya wilaya vilikusanywa, kengele, majembe, na mageti ya makaburi, vikayeyushwa kutengeneza sanamu ya Mtukufu Kiongozi Mkuu iliyosimama Mji Mkuu ikionesha kesho kwa mkono wa kulia. Tangu hapo Mwalimu Mkuu aliwaita watoto kwa kupiga makofi, na wageni wanaopita barabarani hudhani shule imeshinda kitu.

Basi mwaka mmoja serikali iligundua kwamba watoto wa shule za msingi hawafikiri.

Kusema kweli waliogundua ni wageni fulani wataalamu. Walizunguka shule zote wakiwauliza watoto swali moja: ukiwa na ng'ombe, kamba ni fupi, na majani yako mbali, utafanyaje? Watoto wa nchi nzima, mashariki mpaka magharibi, wakajibu kwa sauti moja, "Tunasubiri maelekezo." Serikali ilifurahi sana, maana hilo ndilo lilikuwa jibu sahihi. Ilichukua muda wageni kuifafanulia kwamba ni aibu.

Hapo Wizara ya Elimu, Akili na Utulivu ikaanzisha Somo la Kufikiri. Waziri wake, Mheshimiwa Dokta Abasi Ngoronje, akasema redioni kwamba mwaka usiishe kabla kila mtoto hajafikiri, na ambaye mwanawe hatafikiri ajiandae kutoa maelezo. Mashuleni kukawa na utaratibu. Mwalimu anasema, "Fikirini." Watoto wanaweka kidole kwenye paji la uso na macho darini, na pale pasipo na dari wanatazama mawingu. Mwalimu anasema, "Acheni." Wanaacha. Atakayeonekana bado anafikiri baada ya kuambiwa aache anatolewa nje. Semeni alitolewa nje mara nyingi kiasi kwamba akaanza kubeba kigoda chake kutoka nyumbani.

Mama yake alipoitwa shuleni kuhusu tabia hiyo, aliuliza kwa upole kosa ni nini hasa. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mnene mwenye huruma aitwaye Mwalimu Tunu, alimvuta pembeni akamnong'oneza kwamba mtoto hana kosa, ila anapitiliza.

"Mwambie asimame wenzake wanaposimama," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Nilipona."

Sikudhani akarudi nyumbani na neno hilo, nilipona, likiwa linamkwaruza.

Ripoti ya pili ya wataalamu ilisema nchi haina haja ya kuagiza fikra kutoka nje, kwa sababu inavyo vitendawili. Wizara ikavikusanya vitendawili, ikavikagua, ikavisajili, na kila kimoja ikakipa jibu moja la kitaifa. Mchezo wenyewe, msomaji, unaujua tangu utotoni: mmoja anasema kitendawili, wenzake wanaitikia tega, anatega. Wakishindwa, anawadai mji. Wanamtajia mji. Akiupenda anaupokea, anasema amekwenda huko akala akanywa akarudi, halafu anatoa jibu. Asipoupenda anaukataa, atajiwe mwingine. Ni miji ya mdomoni tu, mtoto anamiliki nchi nzima jioni na asubuhi hana hata kalamu.

Tatizo ni kwamba nchi ile ilikuwa na Sheria ya Tamko. Zamani mawaziri walikuwa na mtindo wa kusema jambo leo na kulikana kesho, mpaka Mtukufu akachoka. Akaagiza kwamba chochote atakachosema waziri kwenye kipaza sauti, mbele ya wananchi, ni amri papo hapo, na yeye mwenyewe waziri hawezi kuitengua. Tangu siku hiyo kuna wilaya inaitwa Samahani Nimekosea.

Uzinduzi wa Kufikiri Kitaifa ukafanyika uwanjani Mapambazuko. Sikudhani alivisha viti vitambaa vya rangi ya bahari na kufunga utepe wa dhahabu. Bango kubwa lilisomeka FIKIRI KWA UTARATIBU. Waziri akahutubia jua likiwa limesimama wima juu ya watoto na yeye yuko kivulini.

"Ndugu wananchi," alisema, "kufikiri si jambo la kukurupukia. Kufikiri kunataka miundombinu. Serikali yenu sikivu imefikiri kwa niaba yenu miaka yote hii, bila kuchoka na bila kuwadai. Sasa, kwa mapenzi mema, inaanza kuwashirikisha."

Watu wakapiga makofi. Watoto wa darasa la kwanza, wakisikia makofi, wakakimbia kupanga mstari, wakarudishwa.

Kisha akaitwa Semeni. Alikuwa amepewa kitendawili kilichosajiliwa, kile cha nyumba isiyo na mlango, na Waziri alikuwa ameshapewa jibu lake kwenye gari, naye alilifanyia mazoezi njia nzima. Sikudhani aliyekuwa nyuma ya meza kuu aliona mabega ya Waziri yamelegea kabisa, mabega ya mtu anayekwenda kufaulu.

"Kitendawili," alisema Semeni. Sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti ikiwa kubwa kuliko yeye.

"Tega," uwanja mzima ukaitikia.

"Yuko juu, ndani mtupu, akitoa sauti watu wote hukimbia kupanga mstari."

"Yai," alisema Waziri.

Wasaidizi wake wakapiga makofi. Semeni akatikisa kichwa. Siyo, akasema, na zaidi ya hapo, cha yai hakukitega, kwa sababu kile hata kuku anakijua na mwalimu alisema wafikiri.

Ndipo Waziri alipokisikia kitendawili.

Sikudhani aliviona visogo vya meza kuu vinabadilika kimoja baada ya kingine, kama taa zinavyowashwa mtaani. Jasho likaanza kwa Waziri, likahamia kwa Mkuu wa Wilaya, likafika kwa Mkuu wa Itifaki ambaye siku zote alikuwa mkavu. Yeye mwenyewe Sikudhani kitendawili kilimwingia kichwani, na humo kichwani kikakutana na picha, ile inayotundikwa kila ofisi, kila duka, kila chumba cha sindano. Aliifukuza haraka. Lakini ilikuwa imeshamtazama.

Wote walikuwa wamepata jibu. Hilo ndilo lililokuwa baya. Waziri akamsogezea kipaza sauti Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Wilaya akavuta pumzi, akakisukuma kwa Mkuu wa Itifaki kama mtu anayekabidhi sufuria la moto. Kikazunguka meza nzima bila neno, kikarudi kwa mwenyewe. Uwanjani zikasikika bendera tu.

"Nimeshindwa," alisema Waziri.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa na serikali tangu uhuru. Fundi mitambo alidhani spika imeharibika, akaenda kuigonga.

"Basi nipe mji," alisema Semeni.

Waziri akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona mlango. Akatoa mji wa Kisima Kirefu. Semeni akaukataa, hauna maji, shangazi yake anakaa huko. Waziri akatoa Madaraja. Semeni akasema huo hauna daraja, mwaka jana mwalimu wao alitaka kwenda msibani akaishia ng'ambo. Waziri akatoa Stesheni Mpya, na watu wa nyuma, ambao jua lilikuwa limewaondolea adabu, wakaitikia kabla ya mtoto kwamba treni haifiki. Miji yote mitatu alikuwa ameizindua yeye. Kisogo chake kikawa kama kimemwagiwa ndoo.

"Haya," alisema, akitaka tu mambo yaishe, "nakupa Mji Mkuu wenyewe. Umeridhika?"

"Huo nimeupokea," alisema Semeni. "Nilikwenda, nikala, nikanywa, nikarudi. Na jibu lake ni..."

Mkono wa Waziri ulifika kwenye swichi ya kipaza sauti kwa kasi ambayo Sikudhani hakuwahi kuiona katika kazi ya serikali. Mkuu wa Itifaki akasimama akatangaza kwa mdomo mtupu kwamba jibu litatolewa na mamlaka husika kwa wakati muafaka, na wananchi watawanyike kwa amani wakiendelea kutofikiria jambo hilo.

Kesho yake Mji Mkuu ulikuwa mali ya Semeni, na sheria ilikuwa haina mwanya. Meya akaja mpaka kwa Sikudhani, amevaa suti na mkufu wa umeya, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwomba mtoto ruhusa ya kuzoa taka. Semeni, aliyekuwa anachambua mchicha, akamuuliza siku zote walikuwa wanamngoja nani. Meya akasema swali hilo halijawahi kufika mezani kwake. Taka zikazolewa. Wakazi wa Mji Mkuu wakaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba kuna jambo linaandaliwa.

Siku iliyofuata akaja Bwana Mselemu wa Idara ya Utulivu. Alikuwa mwembamba, mpole, viatu vyake havikutoa mlio. Alikataa chai. Mtu anayekataa chai, Sikudhani alijua, hana nia ya kukaa upande wako.

"Jina lako, mama?"

"Sikudhani."

"Hatujafika huko. Ulichodhani nitakuuliza baadaye. Kwanza jina."

"Ndilo jina lenyewe, baba. Sikudhani."

Bwana Mselemu akauliza ni nani aliyempa jina hilo. Akajibiwa ni bibi yake, kwa sababu mama alikuwa hatarajiwi kuzaa tena. Bwana Mselemu akatikisa kichwa taratibu, akasema bibi huyo aliona mbali sana, na kama bado yupo hai angependa kumtembelea.

Halafu akaingia kwenye shughuli. Alitaka kujua kitendawili kile mtoto kakipata wapi. Semeni, kutoka mlangoni, akasema alikifikiria mwenyewe nje ya darasa, siku alizotolewa. Bwana Mselemu akauliza kinamhusu nani.

"Nimwambie jibu?" Semeni alimuuliza mama yake.

Bwana Mselemu akaziba masikio kwa viganja. Alisema cheo chake hakijafika pa kulisikia. Alipoona mdomo wa mtoto umetulia akashusha mikono, akamgeukia Sikudhani.

"Wewe ulipokisikia, ulimdhania nani?"

"Wewe, baba, ulipoambiwa ulimdhania nani?"

Hapo Bwana Mselemu akatazama dirisha, akatazama na uvungu wa kiti. Maana huo ndio uliokuwa ugonjwa wa kesi yenyewe. Ili mtoto ashtakiwe kwamba kamtukana fulani, lazima mtu mzima asimame aseme, niliposikia aliye juu na ndani mtupu, nilimkumbuka fulani. Na huyo mtu mzima atakuwa ndiye aliyemtukana. Idara nzima ilikuwa na mashaka na Semeni, tena mazito, lakini hakukuwa na aliyekuwa tayari kuyasema ni mashaka gani.

Alipokuwa anaondoka, Bwana Mselemu aliongea kwa sauti ya kuchuchumaa, sauti ya jirani mwema. Alimwambia Sikudhani kwamba ipo Kambi ya Utulivu, milimani, hewa nzuri. Watoto waliopitiliza wanapelekwa huko wapumzishwe mpaka akili irudi kwenye kiwango cha darasa lao. Wanarudi na adabu sana.

"Wanarudi lini?" aliuliza Sikudhani.

"Wanarudi na adabu sana," alisema tena Bwana Mselemu.

Sikudhani alikuwa amemwona mmoja wa watoto hao, kwenye mtaa wa pili. Alikuwa anakaa barazani mikono magotini, na mpira ukimfikia miguuni anausalimia, shikamoo.

Jioni ile, mwanga ungali upo, akamkalisha Semeni katikati ya magoti yake akaanza kumsuka. Alipofika katikati akamwambia, niambie mimi, mama yako, jibu ni nini, nijue tunasimama wapi.

"Ukijua watakuuliza," alisema Semeni.

Sikudhani akavuta nywele kuliko alivyokusudia. Mtoto hakulia. Alikaa tu, na mama akatazama kile kisogo kidogo, mistari yake imenyooka, kikavu kabisa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akashindwa kukisoma kisogo.

Wanasheria wa serikali waliukeshea mchezo wa vitendawili kama unavyokeshewa mkataba, wakapata njia moja tu. Kitendawili kitegwe upya. Atakayepata jibu, mji unarudi. Akatafutwa mtu wa kujibu. Mkuu wa Wilaya alisema suala liko juu ya cheo chake. Mkuu wa Mkoa alisema liko juu yake. Waziri alisema liko juu yake, na alipokuwa akisema alionesha dari kwa kidole, akashtuka, akakificha kidole mfukoni. Likapanda hivyo, likipita kwa watu ambao wote walikuwa na jibu, mpaka likafika pale ambapo juu yake hakuna mtu.

Ndipo likaja gari jeusi kuwachukua Sikudhani na Semeni.

Sikudhani alimvalisha mtoto gauni la Idi na sweta juu yake. Semeni akasema kuna joto. Mama akamwambia avae. Milimani kuna baridi, ila hilo hakulisema. Mwalimu Tunu alikuja barabarani kuwaaga, akataka kumpa mtoto wosia, mwisho akampigia makofi mawili kama anavyoita shule. Semeni akanyooka kama yuko mstarini.

Njia ilikuwa ndefu. Dereva alikuwa na kisogo kipana, kilichonyolewa vizuri, chenye masikio yaliyokaa kama yamegeuzwa nyuma. Walipoingia Mji Mkuu wakapita uwanjani penye sanamu ya Mtukufu, na Semeni akauliza vyuma vyote vile vya wilaya vimo humo, au katikati ni wazi. Dereva akaongeza sauti ya redio.

Ukumbi wa Baraza la Mawaziri ulikuwa na meza ndefu. Viti, Sikudhani aliona mara moja, vilivishwa na mtu mvivu, utepe umefungwa fundo la viatu. Aliambiwa asimame nyuma karibu na chupa za chai, na hapo akawa mahali pake, maana mawaziri wote walikuwa wamempa visogo. Vilikuwa vimelowa kabla ya mtoto kufungua mdomo.

Mtukufu alikaa mwisho wa meza. Picha zilikuwa zimemwacha miaka mingi nyuma. Alikuwa mzee mdogo, macho mazito, kikombe mkononi. Semeni akapiga goti.

"Shikamoo, Babu."

Ukumbi ulishtuka. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo bila kibali.

"Marahaba," alisema Mtukufu. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Umetukaribisha mjini kwako na chai imepoa. Haya, tega."

Semeni akatega. Yuko juu, ndani mtupu, akitoa sauti watu wote hukimbia kupanga mstari. Katika ukumbi ule maneno yalitembea wazi kabisa, hayakupata pa kujificha. Waziri wa Ulinzi akafumba macho. Sikudhani alishika shingo ya chupa ya chai kwa mikono miwili na akili yake yote ilikuwa kwenye lile sweta.

Mtukufu hakuwa na haraka. Aliweka kikombe chini. Akatazama juu, sio kama watoto wa Somo la Kufikiri, bali kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe zamani. Halafu uso ukamlegea, ukawa wa mtu mwingine kabisa, mtu wa kaptula na miguu yenye vumbi.

"Kengele," alisema. "Kengele ya shule. Yetu ilifungwa juu ya mwarobaini. Ikilia, unaacha hata pera mdomoni."

Semeni akamtazama. Akainamisha kichwa upande, kidogo tu. Kitu kikamgonga Sikudhani kifuani, lakini hakukuwa na nafasi ya kukitazama, akakiacha kwanza.

"Umepata, Babu," alisema Semeni. "Mji chukua."

Ukumbi ukashusha pumzi kwa pamoja hadi mapazia yakacheza. Mawaziri wakaanza kupiga makofi, wakacheka, wakapigana migongoni, kengele, kumbe kengele, jamani kengele. Mtukufu hakucheka. Alikuwa anawatazama, mmoja mmoja, na ule uso wa mtoto ukawa unaondoka taratibu kama maji yanavyoondoka kwenye beseni.

"Kitu chepesi hiki," alisema. "Waziri wangu wa Akili kikamshinda. Wilaya kikaishinda, mkoa kikaushinda, kikapanda mpaka kwangu. Ngoronje, hebu nieleze. Wewe ulidhani ni nini?"

Dokta Ngoronje akasimama. Jasho lilikuwa limekwishapita kola na kuendelea na safari.

"Sikudhani, Mtukufu."

"Abee," alisema Sikudhani kutoka nyuma. Aliitwa na mkubwa, angefanyaje.

Mtukufu hakugeuza macho. "Na wewe, Ulinzi?"

"Hata mimi, Mtukufu, sikudhani."

"Abee."

Akamuuliza wa Fedha, akasema sikudhani. Akamuuliza wa Habari, akasema sikudhani. Sikudhani aliitika kila mara, sauti ikizidi kuwa ndogo, mpaka alipoelewa kwamba hakuna anayemwita. Hapo akanyamaza, naye akawa ndiye mtu pekee mle ndani ambaye kunyamaza kwake hakukuwa na shida.

"Meza nzima hamkudhani," alisema Mtukufu. Kidole chake kilizunguka ukingo wa kikombe. "Mpelekeni mtoto kwao. Ninyi bakini. Fungeni mlango."

Walipokuwa wanatoka, Sikudhani aliangalia nyuma mara moja. Alimwona Mtukufu kwa mgongo, mara ya kwanza na ya mwisho, amegeuka kuchukua sukari. Kwenye ile shingo nyembamba palikuwa na mstari mmoja wa jasho, unateremka polepole.

Gari lile lile likawarudisha. Njia panda ya kwenda milimani ikaja, Sikudhani akaacha kupumua, gari likanyoosha likapita. Akamvua Semeni sweta. Mtoto akaomba muhogo, wakala muhogo. Waliposhika barabara ya vumbi, redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Dokta Ngoronje amekwenda milimani kupumzika, hewa nzuri, na kwamba kwa agizo la Mtukufu shule zote za msingi zitafungiwa kengele, kwa kuwa imebainika nyingi hazina, watoto wa siku hizi hata hawaijui.

Ndipo kile kitu kilichomgonga kifuani kikajitokeza chenyewe. Semeni alizaliwa kengele ikiwa imeshayeyuka. Mapambazuko hawaiti kwa kengele. Wanaita kwa makofi.

"Semeni," alisema taratibu. "Kengele wewe umeiona wapi?"

Mtoto alikuwa anatazama miti inayorudi nyuma.

"Umeshindwa, Mama? Nipe mji."

Sikudhani alifungua mdomo. Mbele yake palikuwa na kisogo cha dereva. Kilikuwa kimetulia kupita kiasi, na yale masikio yalikuwa hayachezi wala hayatikisiki, na redio, hakujua tangu saa ngapi, ilikuwa imezimwa.

"Nakupa Kisima Kirefu," alisema, na moyoni akaomba mtoto aukatae, jibu lisitoke.

"Siutaki," alisema Semeni. "Hauna maji."

"Nakupa Madaraja."

"Siutaki huo."

Akampa Stesheni Mpya. Akampa wilaya ya Samahani Nimekosea, Semeni akacheka na kuikataa. Wakaenda hivyo, mama akitoa na mtoto akikataa, mji kwa mji, nchi nzima, mpaka wakafika nyumbani.